Kifaa Kilicholala na Kifaa Kilichokufa

Mtumiaji akibonyeza rimoti ya LUKU na kioo chake kikabaki kitupu, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba rimoti imekufa. Huenda ni kweli. Lakini vifaa vidogo vya betri, kama vile rimoti za mita na za televisheni, vipimajoto vya kidijitali na mizani za jikoni, hupitisha sehemu kubwa kabisa ya maisha yao vikiwa vimelala, na kwa macho kifaa kilicholala hakitofautiani na kilichokufa. Tofauti huonekana mfukoni. Cha kwanza huhitaji kuamshwa tu, au kupewa betri mpya. Cha pili huhitaji kununuliwa kingine.

Somo hili linaeleza namna vifaa hivyo vinavyolala na kuamka, na kwa nini wakati mwingine vinakataa kuamka. Tumeliandika ili mtumiaji asinunue kifaa kipya pasipo sababu, asikae gizani huku tokeni anayo mkononi, na awe na maneno ya kujieleza pale anapolazimika kulalamika.

Ubongo unaolala

Ndani ya kila kimoja cha vifaa hivi imo chipu iitwayo maikrokontrola. Hii ni kompyuta ndogo mno, iliyokusanya mahali pamoja kichakataji, kumbukumbu, saa ya kuhesabia muda na miguu ya kupokelea na kutolea ishara. Kazi yake ni kusoma vitufe, kuandika kwenye kioo na kutuma ujumbe. Kazi hiyo huchukua sekunde chache kwa siku. Muda uliobaki maikrokontrola haina la kufanya, na kama ingekaa macho ikisubiri, ingekula betri bure.

Tuchukue chipu moja inayofahamika vizuri kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi, ATmega328P, ambayo ndiyo ubongo wa bodi za Arduino Uno. Kwa mujibu wa maelezo ya mtengenezaji, chipu hiyo ikifanya kazi kwa mwendo wa megahezi 1 na volti 1.8, hutumia mkondo wa miliampea 0.2. Ikilala usingizi wake mzito kabisa, hutumia maikroampea 0.1. Miliampea moja ni sawa na maikroampea 1,000. Kwa hiyo kulala kumepunguza matumizi mara 2,000.

Faida yake kwa mnunuzi wa betri ni rahisi kuihesabu. Betri ya alikali ya ukubwa wa AAA hubeba takribani miliampea-saa 1,000. Kifaa kinachotumia miliampea 5 kikiwa macho, na kisicholala kamwe, kitaimaliza betri hiyo kwa saa 200, yaani siku nane na ushei. Kifaa hichohicho kikilala kwa maikroampea 5, hesabu hutoa saa 200,000, ambazo ni zaidi ya miaka 22. Hakuna betri ya dukani itakayofika huko, kwa kuwa betri hujipoteza yenyewe kidogokidogo hata ikiwa ndani ya pakiti yake. Lakini sasa msomaji ameona kwa nini betri za rimoti ya televisheni hudumu mwaka na zaidi, ilhali betri zilezile katika tochi haziendi mbali.

Usingizi si wa namna moja. Chipu tuliyoitaja ina hali sita za kulala. Katika usingizi mwepesi, kichakataji husimama lakini saa na sehemu nyingine za ndani huendelea, hivyo chipu huamka papo hapo ila betri haiokolewi sana. Katika usingizi mzito karibu kila kitu huzimwa, hata saa kuu, na hubaki sehemu chache tu zinazosikiliza. Mfano ulio karibu ni mlinzi wa usiku. Yupo anayesinzia kwenye kiti mkono ukiwa kwenye rungu, na yupo aliyeingia ndani, akajifunika shuka, akaacha kengele ya mlango tu.

Kengele hiyo ndiyo kiini cha somo.

Mlango wa kuamkia

Chipu hailali kwa bahati. Mwandishi wa programu yake huiagiza kwa mpangilio maalumu. Kwanza huchagua aina ya usingizi. Kisha huzima sehemu zisizohitajika, kama vile ile inayopima volti, kwa sababu sehemu hiyo ikiachwa imewashwa hunyonya mkondo kuliko chipu yenyewe iliyolala. Halafu hutaja mlango wa kuamkia, yaani ishara ambayo chipu itakubali ikatize usingizi wake. Mwisho hutoa amri ya kulala, na programu husimama mahali hapohapo. Ishara ikija, chipu huishughulikia kwanza, kisha huendelea na mstari unaofuata amri ile, kana kwamba hakuna muda uliopita.

Milango ya kuamkia ni ya aina tatu kwa kawaida. Wa kwanza ni kitufe. Wa pili ni saa ndogo ya ndani inayoendelea kuhesabu wakati saa kuu imezimwa. Katika chipu yetu ya mfano, saa hiyo inaweza kuweka muda usiozidi sekunde 8 hivi kwa mara moja. Wa tatu ni ujumbe kutoka nje, kupitia waya au redio.

Mlango wa pili ndio unaotumiwa na vipimajoto vya ukutani na vihisio vya kila aina. Kifaa huamka, hutazama, hurudi kulala. Kikiamka kila baada ya sekunde 8 kwa muda wa elfu kumi za sekunde kwa kipimo cha milioni, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde, na kutumia miliampea 5 katika muda huo, wastani wa matumizi ya kuamka huko ni kama maikroampea 6 tu. Kazi ya siku nzima imefanyika, na betri karibu haikujua.

Ikiwa mwandishi wa programu amesahau kuacha mlango wowote wazi, chipu hulala fofofo. Itaamka tu kwa kuanzishwa upya, ama kwa kitufe maalumu ama kwa kuondolewa umeme. Kosa hili ni la mtengenezaji, halimhusu mtumiaji hata kidogo, na mtumiaji hapaswi kulilipia.

Lipo kosa lingine la hila zaidi. Chipu hukagua kama kuna kitufe kilichobonyezwa, haioni kitu, inajiandaa kulala; katika kipande hicho kidogo sana cha muda, kitufe kinabonyezwa. Ishara inapokewa na kuhesabiwa kuwa imekwisha, kisha chipu inalala ikiwa haijafanya chochote. Kwa mtumiaji, kifaa kimepuuza kidole chake. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu huziba mwanya huo, lakini si kila bidhaa iliyoko sokoni imeandikwa hivyo. Kwa hiyo, kabla ya kuhukumu kwamba kifaa ni kibovu, bonyeza tena baada ya kusubiri kidogo. Ushauri huu huonekana wa kitoto, ila una sababu.

Kubonyeza kwa mara ya kwanza kuna kazi yake vilevile. Vifaa vingi hutumia mbonyezo wa kwanza kwa ajili ya kuamka tu na havihesabu kuwa ni tarakimu. Chipu yenyewe huamka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini kioo na kifaa cha mawasiliano huhitaji muda zaidi. Anayeanza kuandika tokeni kwa kasi huku rimoti ikiwa bado inaamka hupoteza tarakimu ya kwanza, na mita hukataa tokeni iliyo sahihi.

Rimoti ya LUKU usiku wa manane

Katika nyumba ambazo mita imewekwa juu ya nguzo, rimoti ndiyo njia pekee ya mtumiaji kuzungumza na mita yake. Mazungumzo hayo hupita katika nyaya zilezile za umeme zinazoingia nyumbani, au kwa redio. Uniti zikiisha, mita hukata umeme wa nyumba nzima, na rimoti hubaki kutegemea betri zake. Maana yake ni kwamba betri za rimoti huhitajika zaidi kuliko wakati wowote katika saa ileile ambayo nyumba ni giza, maduka yamefungwa, na pengine kuna mgonjwa anayehitaji mwanga. Betri ambazo hazijaguswa kwa miezi minane huulizwa swali kwa ghafla.

Hapa ndipo wengi hukutana na dalili inayochanganya: kioo kinawaka kidogo, kinazimika, kinawaka tena. Sababu ni kwamba betri iliyochoka ina nguvu ya kutosha kuilisha chipu iliyolala, maana usingizi hautaki karibu chochote. Chipu ikiamka na kuwasha mawasiliano, hitaji la mkondo hupanda ghafla, volti ya betri huporomoka, na mlinzi wa volti aliyemo ndani ya chipu huianzisha upya ili isifanye makosa. Katika chipu yetu ya mfano mlinzi huyo anaweza kuwekwa kwenye volti 1.8, 2.7 au 4.3. Chipu ikianzishwa upya mzigo hushuka, volti hupanda, inajaribu tena, inaanguka tena. Rimoti ya namna hii si mbovu. Inahitaji betri.

Betri zenyewe zichaguliwe kwa kusoma, si kwa rangi ya karatasi. Tazama maandishi madogo kwenye mwili wake. Betri ya AA ya kawaida, ile ya zinki na kaboni, huandikwa R6, na ya AAA huandikwa R03. Ikitanguliwa na herufi L, yaani LR6 au LR03, hiyo ni ya alikali. Ya alikali hubeba nguvu zaidi na, jambo lililo muhimu kwa kifaa kinachoamka kwa ghafla, volti yake haiporomoki kwa urahisi inapoombwa mkondo mwingi. Kwa saa ya ukutani, R6 ya bei nafuu inatosha kabisa, wala hatuoni sababu ya mtu kutumia fedha zaidi hapo. Kwa rimoti ya mita tunashauri alikali. Usichanganye mpya na iliyotumika, na usichanganye aina mbili. Iliyo dhaifu huvuja na kuozesha vyuma vya ndani.

Jambo lingine: rimoti zinazozungumza kwa nyaya zinapaswa kuwa zimechomekwa kwenye soketi wakati wa kuingiza tokeni, hata kama umeme wa nyumba umekatwa. Kioo kuwaka kwa betri ni ushahidi kwamba rimoti imeamka. Si ushahidi kwamba imeipata mita. Na kama umeme umekatika mtaa mzima, mita iliyoko juu ya nguzo kwa kawaida huwa haina umeme wa kusikilizia. Subiri urudi.

Tokeni haipotei kwa sababu rimoti imelala. Tarakimu 20 zimefungwa kwa namba ya mita yako, na zikikataliwa kwa kukosewa kuandikwa zinaweza kuandikwa tena. Wengi wanakumbuka mwaka 2024, mita zilipohitaji kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba kwa kuingiza tokeni mbili za ziada kabla ya ile ya uniti. Mfumo wa tokeni ulikuwa ukihesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa siku hiyo. Tarakimu 60 kwa mkupuo ni nyingi. Aliyesita katikati akitafuta miwani alikuta rimoti imerudi kulala na kufuta alichoandika, kwa sababu programu huhesabu sekunde tangu mbonyezo wa mwisho na hukata shauri kwamba mtu ameondoka. Dawa ni kuandika tokeni kwenye karatasi kwa mafungu ya tarakimu nne kabla ya kugusa rimoti, kisha kumwomba mwingine akusomee.

Toa betri, kisha ngoja

Mafundi na vijitabu vya maelekezo husema: toa betri, subiri, rudisha. Wengi hutoa na kurudisha papo hapo, kisha husema haikusaidia. Kusubiri ndiko kwenye dawa yenyewe.

Ndani ya kifaa mna kapasita, kijisehemu kinachohifadhi chaji kidogo. Tuseme ina maikrofaradi 100 na imejazwa kwa volti 3, na chipu huendelea kuishi hadi volti 1.8. Chipu iliyolala ikinyonya maikroampea 1 tu, chaji hiyo itaishikilia kwa sekunde 120. Katika dakika mbili hizo betri hazimo, lakini chipu ingali hai, imelala na kosa lake kichwani. Ukirudisha betri baada ya sekunde tano hujabadilisha chochote. Kwa hiyo toa betri, chomoa kwenye soketi ikiwa imechomekwa, bonyeza vitufe kadhaa ili chaji iliyobaki itumike, na ngoja dakika tano. Ikiamka baada ya hapo, ilikuwa imelala. Isipoamka ikiwa na betri mpya za alikali na vyuma safi, sasa unayo haki ya kusema imekufa.

Kagua pia vitufe. Kitufe kilichonata kwa jasho, unga au mafuta ya kupikia humwita mlinzi usiku kucha. Rimoti iliyobanwa chini ya godoro au kwenye droo yenye vitu vingi hufanya vivyo hivyo, na betri za mwaka mzima huisha kwa majuma machache. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usimwagie maji. Ikiwa betri zinaisha upesi na hakuna kitufe kilichobanwa, kosa linaweza kuwa kwenye saketi: mguu wa chipu ulioachwa ukining'inia bila kufungwa kwenye volti maalumu hudaka ishara za hewani na kuiamsha chipu mara kwa mara. Hilo nalo ni la mtengenezaji.

Usifungue mita. Rimoti ni ya kushika, mita si yako kuigusa.

Vifaa vinavyotumia betri bapa ya duara, kama CR2032, vina hatari isiyohusiana na usingizi lakini hatuwezi kuiruka. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo kwa ndani katika muda wa saa mbili. Mpeleke hospitali mara moja, usimtapishe, wala usisubiri dalili. Nunua kifaa ambacho kifuniko chake cha betri kina skrubu.

Ahadi za kwenye boksi

Boksi likisema kwamba betri hudumu miaka kumi, uliza ni kifaa kizima au ni chipu yake. Bodi ya Arduino Uno ni kielelezo kizuri: chipu yake ikilala hutumia sehemu ya maikroampea, lakini bodi yenyewe huendelea kutumia zaidi ya miliampea kumi, kwa sababu taa yake ndogo inawaka na sehemu za kurekebisha volti hazilali. Muuzaji anayetaja takwimu ya chipu na kuiacha ieleweke kuwa ni ya kifaa anapotosha. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha watumiaji katika biashara. Uliza ahadi hiyo imeandikwa wapi, na iandikwe kwenye stakabadhi ikiwezekana.

Vifaa vya umeme wa ukutani navyo hulala, na vingine hulala vibaya. Wati 1 inayotumika mwaka mzima ni uniti 8.76. Dekoda inayotumia wati 10 usiku na mchana, hata televisheni ikiwa imezimwa, hula karibu uniti 88 kwa mwaka. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 1275 ya mwaka 2008, uliweka ukomo wa wati 1 kwa vifaa vya nyumbani vinavyosubiri bila kuonyesha taarifa yoyote, na mwaka 2013 ukomo huo ukashushwa hadi nusu wati. Mtumiaji wa hapa anaweza kuweka ukomo wake mwenyewe kwenye swichi ya soketi.

Unapolazimika kulalamika

Peleka lalamiko kwanza kwa mtoa huduma au muuzaji, kwa maandishi, na udai namba ya kumbukumbu. Usiandike tu kwamba rimoti haifanyi kazi. Andika namba ya mita, tarehe na saa, aina ya betri ulizoweka na siku uliyoziweka, kama rimoti ilikuwa imechomekwa kwenye soketi, kama majirani walikuwa na umeme, na kioo kilifanya nini hasa: kilibaki kitupu, kiliwaka na kuzimika, au kilikubali tarakimu kisha kikakosa mita. Eleza kwamba ulitoa betri na kungoja dakika tano. Piga picha kioo kikiwa kinaonyesha ujumbe wowote wa kosa, kwani ujumbe huo hutoweka rimoti inaporudi kulala. Usipojibiwa, au usiporidhika na jibu, lete kwenye Mamlaka nakala ya barua hiyo pamoja na namba ya kumbukumbu. Rimoti yenyewe ibaki nayo. Fundi wa mtoa huduma atahitaji kuikuta katika hali uliyoieleza, na usiitupe hata kama umekwisha kupewa nyingine ya kutumia kwa muda.